Jirani anapandisha ghorofa sita kwenye kiwanja cha nyumba ya kawaida, hivi mipango miji inaruhusu?

Mama Kibaraza
Wakuu habari za jioni. Mtaa wetu hapa Dar ulipimwa zamani kwa nyumba za familia moja moja, viwanja vya mita 20 kwa 30 hivi. Jirani yangu mzee alifariki, watoto wakauza, aliyenunua kavunja nyumba na sasa yuko slabu ya tano na mafundi wanasema bado moja. Kati ya ukuta wangu wa fensi na jengo lake ndoo ya maji inapita kwa ubavu, mtu hapiti. Madirisha ya majiko yanatazama chumba changu cha kulala, jua la mchana nalisikia kwa watu wengine, nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinanuka. Mashimo ya choo kachimba mbele getini kwa sababu nyuma hamna nafasi. Pakingi sijaona hata moja, labda magari yatakaa barabarani. Nimeenda serikali ya mtaa wananiambia "mama ana kibali huyo".
Mimi sina ugomvi na maghorofa, watu wakae wapi? Ila naamini kiwanja kimoja kimebebeshwa mzigo wa viwanja vitatu. Nani anapanga ghorofa ngapi ziende wapi?

mpangaji_sugu
Uza na wewe mama, thamani imepanda hiyo. Mwenzako analia kukosa jua wakati dalali yuko nje anahesabu pesa

Fundi Zege
Mama kwanza usibishane na neno "kibali". Kibali cha nini? Kuna kibali cha fensi, cha kukarabati, cha ghorofa mbili. Nenda pale saiti uangalie bango la mradi, linatakiwa liwe na jina la mwenye mradi, msanifu, injinia, kontrakta na namba za usajili. Kama bango hamna au limegeuziwa ukutani hapo tayari una pa kuanzia. Halafu omba kuona idadi ya ghorofa zilizopitishwa. Mi nimefanya kazi saiti nyingi, michoro inayopelekwa ofisini na michoro anayopewa fundi wakati mwingine ni ndugu wa baba mmoja mama tofauti.

Mzee wa Bikoni
Salaam. Nimefanya kazi za upimaji na mipango miaka mingi kabla ya kustaafu, ngoja nitenganishe mambo maana humu yatachanganywa.
La kwanza ni MATUMIZI. Kila kiwanja kilichopimwa kina mchoro wa mipango miji (TP), na mchoro ule unasema kiwanja ni makazi, makazi na biashara, kanisa, shule, wazi na kadhalika. Sheria ya Mipango Miji namba 8 ya 2007 inataka ukitaka kubadilisha matumizi uombe, tangazo libandikwe, majirani wapewe nafasi ya kupinga. Kutoka nyumba ya familia moja kwenda apatimenti bado ni makazi, na hapo ndipo wajanja wanapopita, wanasema "sibadilishi matumizi, ni makazi yaleyale".
La pili ni UKUBWA WA JENGO. Hapa kuna vitu viwili, asilimia ya kiwanja inayofunikwa na jengo, na uwiano wa eneo lote la sakafu kwa eneo la kiwanja, ambao ofisini tulikuwa tunauita ploti resho. Chukua kiwanja cha huyu mama, mita za mraba 600. Tuseme umeruhusiwa kufunika nusu, hiyo ni 300. Tuseme ploti resho ni 2, maana yake sakafu zote zikijumlishwa zisizidi 1,200. Gawanya kwa 300, unapata ghorofa nne. Akipandisha sita na kufunika 300 ameshafika 1,800, yani resho ya 3. Namba halisi zinategemea eneo na ziko kwenye kanuni za viwango vya mipango miji, ila hesabu inavyokwenda ni hivyo.
La tatu ni nafasi ya kuacha mpakani. Mama, ndoo kupita kwa ubavu sio nafasi.

Kokoto Nne
Asante Mzee wa Bikoni, umenipa kitu cha kuchezea, mi ni mtu wa hesabu. Hebu tuchukue hizo ghorofa NNE ambazo ni halali kwa mfano wako. Mita 1,200, toa ngazi, korido na kuta, unabaki na kama 1,000. Apatimenti ya vyumba viwili mita 80, unapata kama 12. Gari moja linakaa mita 2.5 kwa 5 lakini ukiweka na njia ya kugeuzia kila gari linakula kama mita 25 za mraba. Magari 12 ni mita 300. Na kiwanja kilichobaki nje ya jengo ni mita ngapi? 300!!
Sasa septiki unaiweka wapi? Tangi la maji? Genereta? Pipa la taka? Mtoto anacheza wapi, juu ya boneti? Yani hata ukifuata sheria kwa asilimia mia kiwanja cha 600 hakitoshi. Kwa hiyo swali la mama sio kwamba jirani kavunja sheria tu, hata asingevunja bado mtaa ungekuwa umebanwa.

Fundi Zege
Kokoto Nne unapanga magari kwenye ardhi kama uko bandarini. Watu wananyanyua jengo kwa nguzo, chini yote inakuwa pakingi, makazi yanaanzia juu.

Kokoto Nne
Na hiyo chini ya nguzo inahesabiwa kama ghorofa au haihesabiwi? Ndo mwanya wenyewe huo

Injinia wa Mchana
Ngazi ya chini ikiwa nguzo tupu bila kuta, juu kuna kuta za tofali nzito ghorofa zote, ile ya chini ndo inakuwa dhaifu kuliko zote. Inafanyika lakini inataka nguzo zilizopigiwa hesabu na mtu anayejua, sio fundi aliyezoea nyumba ya chini akaongeza nondo kwa kukadiria. Besimenti nazo watu wanazitaja kirahisi. Maeneo mengi ya Dar yaliyo karibu na bahari au mabonde maji yako juu, ukichimba unaogelea. Na kuchimba karibu na msingi wa jirani ni hatari nyingine. Tusisahau Kariakoo Novemba 2024, jengo lilianguka watu wakapoteza maisha, na habari za siku zile zilitaja uchimbaji chini ya jengo. Kabla ya hapo Machi 2013 jengo la ghorofa 16 mtaa wa Indira Gandhi lilikuwa bado linajengwa, likaua watu 36.

mpangaji_sugu
uzi ulianza na nguo kutokauka tumeshafika kwenye maafa, mpunguze spidi

Msomi wa Mnazi Mmoja
Kuna jambo mnaliruka. Mnaongea kana kwamba hivi viwango vilitoka mbinguni. Wajerumani walitoa amri ya ujenzi hapa Dar 1891, ufukweni zijengwe nyumba za Kizungu, huku nyuma vibanda. Waingereza wakaja wakaendeleza kwa kanda tatu, ya kwanza Wazungu viwanja vikubwa na bustani, ya pili Wahindi na biashara, ya tatu Waafrika, Kariakoo na Ilala. Mnazi Mmoja ile mnayoenda kwenye mikutano ilibaki wazi ili itenge Uswahilini na mji. Hiyo ndo ilikuwa nafasi ya kuacha mpakani, mpaka wenyewe ukiwa rangi ya ngozi.
Baada ya uhuru majina yakabadilika. Kanda ya kwanza ikawa "msongamano mdogo", ya tatu "msongamano mkubwa". Vipimo vya viwanja vikabaki vinafanana na vya zamani. Sasa angalia kichekesho: Masaki na Oysterbay ambako ni msongamano mdogo ndiko apatimenti zinakaa vizuri, kwa sababu kiwanja ni mita 2,000 na zaidi, unajenga, unapaki, unapanda na miti. Kwa mama huku ambako ni msongamano mkubwa kiwanja ni kidogo na ndiko wateja wa kawaida wako. Kwa maoni yangu tatizo lilianza kwenye ukubwa wa viwanja, jirani kalikuta.

Binti Tandale
Msomi umeongea vizuri ila Upanga umeiacha. Zile flati za zamani za Upanga zilizotaifishwa 1971 zikawa za Msajili wa Majumba, baadaye Shirika la Nyumba (NHC), nyingi ni ghorofa tatu nne, zina uwanja nyuma, zina mwarobaini, zina vibanda vya kuanikia. Hizo zilijengwa kwenye viwanja vya wastani tu na watu wanakaa wanapumua. Kwa hiyo sio kiwanja, ni tamaa. Zamani mtu alijenga tatu akaridhika.

Mjenzi Mkopo
Binti Tandale zile alijenga mtu ambaye ardhi aliipata kwa bei ya bure. Mimi najenga apatimenti, sio nyingi, na nasema wazi. Ukinunua kiwanja mtaa mzuri, ardhi peke yake imekula karibu nusu ya hela. Benki inataka riba yake kila mwezi hata kabla hujapata mpangaji mmoja. Ukisema ghorofa tatu, kodi ya kila nyumba inabidi iwe kubwa kiasi kwamba hao wapangaji mnaowatetea hawaingii. Ukiongeza ghorofa mbili kodi inashuka. Nyie mnataka nyumba za bei rahisi, zenye jua, zenye pakingi, zenye bustani, katikati ya mji, na mjenzi asipate faida. Chagueni mbili.
Kuhusu vibali, mimi huwa nasubiri kwa kweli, kuna kipindi faili langu lilikaa ofisi moja mpaka mkandarasi akaondoka na vifaa vyake. Ukishaona hivyo mwenye hela anaanza kujenga anasema faini nitalipa. Faini iko ndani ya bajeti ya watu wengi, semeni ukweli.

Mama Kibaraza
Mjenzi Mkopo kodi inashuka? Dalali kashabandika namba hapo, vyumba viwili anataka hela ya miezi sita mbele na bei ni ileile ya mtaa wa pili wenye bustani. Hiyo punguzo imeishia mfukoni kwa nani

Mjenzi Mkopo
Soko mama. Yakijengwa mengi itashuka.

Binti Tandale
Tunasubiri yajengwe mangapi sasa, hadi Kibaha?

Kwetu Ng'ambo
Assalaam alaykum. Ndugu zangu huku Unguja tulilifanya jambo hilo kabla yenu. Maghorofa ya Michenzani, Mzee Karume kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, majengo marefu khasa, ukianza mwanzo kwenda mwisho ni kama mita 300, yamepangwa njia nne yakakutana kwenye raundabauti. Hapo hamna mtu kalalamika jirani kambana, nafasi baina ya jengo na jengo ni kubwa, watoto wanapiga mpira, jioni watu wanauza urojo. Ila walovunjiwa nyumba zao za Ng'ambo, mitaa ya zamani ya mji wetu, walikuja na maisha yao. Nyumba ya Ng'ambo ina baraza mbele na ua nyuma, mwanamke anapika uani, mzee anakaa barazani. Ghorofani hamna ua hamna baraza. Wengine walifuga kuku. Maji hayapandi juu, mnateka chini mnapanda nayo ngazi.
Nafasi ilikuwepo tele lakini haikuwa ya mtu. Nakusudia kusema mita tu hazitoshi, tizameni nani anaitumia na vipi.

Mzee wa Bikoni
Hapo Kwetu Ng'ambo amegusa kitu ambacho kwenye kanuni tunakiandika mstari mmoja tu, "eneo la wazi". Halafu hakuna anayeuliza ni la nini.

Flati Namba Saba
Mimi nakaa apatimenti, nimenunua sio kupanga, ghorofa ya tatu, nyumba 18 kwenye kiwanja kimoja. Niwape picha ilivyo maana mnaongea kwa ramani.
Pakingi ziko 11, zimechorwa namba kwa rangi nyeupe. Mwenye jengo aliuza nyumba 18 kila mmoja akamwambia "na pakingi ipo". Wanaowahi kurudi kazini wanapata, wengine nje, usiku taa za magari zinaibiwa. Boza la maji haliingii getini kwa sababu kona ni kali, linasimama barabarani wanavuta bomba. Gari la kunyonya choo nalo hivyohivyo, na linanyonya saa moja jioni watu wanakula. Mwaka juzi tulifiwa ghorofa ya kwanza. Turubai likawekwa pakingi, magari yote nje siku tatu, sufuria za msiba zikapikiwa ngazi ya kutokea kwa sababu ndo mahali pekee pana paa. Mvua ikanyesha. Jeneza lilizunguka ngazi kwa kusimamishwa, tuliona aibu wote tuliokuwepo. Hakuna aliyechora lile jengo akifikiria kwamba watu watakufa mle ndani.
Halafu balkoni. Zimetengenezwa za urembo, upana futi mbili. Kila mtu kaweka jiko la mkaa la maharage, gesi ya chai, na kamba. Moshi wa wa pili unaingia kwa wa tatu, ambaye ni mimi.

Dada wa Chaka
Flati Namba Saba pole jamani hiyo ya jeneza imeniuma

mpangaji_sugu
Sufuria za msiba ngazi ya kutokea moto ukitokea mnatoka na ubwabwa?

Kamba ya Zimamoto
Mpangaji_sugu unacheka ila ndio swali lenyewe. Michoro ya majengo ya namna hii inatakiwa ipite pia Zimamoto, sheria yao ni ya 2007. Tunaangalia ngazi, upana wake, kama kuna njia ya pili ya kutoka, maji ya kuzimia, na gari letu litasimama wapi. Kiwanja kilichojazwa ukuta kwa ukuta gari haliingii, tunavuta mipira toka mbali. Na magrili ya madirishani! Ghorofa ya nne mtu kafunga chuma kila dirisha, mwizi hapandi huko lakini yeye hatoki. Hilo nalo ni la jengo, mlinzi wa geti akiwepo wa maana hayo magrili hayana kazi.

KaNairobi
Niaje watu wa Bongo. Nimesoma uzi wote, nyinyi bado mko mbali sana. Huku Nairobi nendeni Pipeline kule Embakasi mtaona. Ploti ndogo, ghorofa saba nane zimejaa ploti yote, unafungua dirisha unashika ukuta wa jirani, mchana mnawasha stima ndani ya nyumba. Chini maduka, katikati ya jengo kuna shimo la hewa, hapo ndo nguo zote zinaanikwa na hapo ndo kila mtu anatupa taka.
Na sio ati hatukuwa na sheria. Kilimani na Kileleshwa mwongozo wa zamani wa jiji ulisema ghorofa nne mwisho, jengo lifunike asilimia 35 ya ploti. Leo hesabu mwenyewe ukipita Kilimani, ni ghorofa 15 kwenda juu. Wenyeji wamekuwa wakienda kortini mara kwa mara. Kanuni zetu za ujenzi zilikuwa za 1968, mpya zimeanza kutumika Machi 2025, tuone. Huruma 2016 jengo lilianguka kando ya mto, watu zaidi ya 40 wakafa.
Kwa hivyo swala la viwanja vya mkoloni mi sikubali. Kilimani ploti ni kubwa, nusu eka, na bado wamejaza. Ukimpa mtu nusu eka atajaza nusu eka.

Msomi wa Mnazi Mmoja
KaNairobi karibu. Lakini Pipeline na Kilimani ni magonjwa mawili. Kilimani ni soko la wenye nazo limezidi uwezo wa mtaa. Pipeline ni maskini waliokosa pa kwenda kwa sababu sehemu kubwa ya Nairobi imezuiliwa isijengwe nyumba nyingi. Ukibana kote kasoro sehemu mbili tatu, hizo mbili tatu zitafurika.

Shemeji wa Minnesota
Msomi hapo umenigusa. Niko Minneapolis miaka mingi, huku kulikuwa na mitaa mikubwa tu ambayo kisheria ilikuwa ni nyumba ya familia moja, apatimenti marufuku. Wakapitisha mpango wao wa 2040, kuanzia 2020 mtu akaruhusiwa kujenga nyumba tatu kwenye kiwanja kimoja popote penye makazi. 2021 wakaondoa kabisa sharti la pakingi, unajenga na pakingi ukitaka, usipotaka basi. Watu walienda mahakamani huku pia, wakisema mazingira yataharibika. Lakini kilichojengwa kwa wingi sio hizo nyumba tatu tatu, ni apatimenti kubwa kwenye barabara kuu zenye mabasi.
Kokoto Nne hesabu yako ya mita 300 inakufa ukitoa magari. Kwa nini kila nyumba iwe na gari?

Kokoto Nne
Shemeji kwenu basi linakuja saa iliyoandikwa. Huku mwendokasi ilianza 2016 na bado watu wanaingilia madirishani. Ila nakubali kidogo, kandokando ya Morogoro Road toka Kimara hadi Magomeni ungeweza kujenga bila kudai pakingi ya kila mtu. Mtaani kwa mama ambako daladala ni mwendo wa bodaboda, hapana.

Fundi Zege
Magomeni umeitaja. Pale Kota wamejenga apatimenti za zile kaya 644 zilizobomolewa nyumba, rais kazifungua 2022. Ni eneo moja kubwa limepangwa kwa pamoja, majengo yameachana, pakingi ipo, sio kila mtu na kiwanja chake na fundi wake. Hilo ndo jibu langu. Unganisheni viwanja vinne, jengeni moja refu, tatu mziache wazi.

Mjenzi Mkopo
Unganisha viwanja vinne Dar? Kimoja kina warithi saba, cha pili hati iko benki, cha tatu mwenyewe yuko Muscat harudi leo wala kesho, cha nne ni cha Mama Kibaraza hataki kuuza. Kota ilikuwa ardhi ya serikali ndugu yangu.

Mama Kibaraza
Siuzi 😂

Mzee wa Vyoo
Ngoja niseme ambalo hamtaki kulisikia. Mnahangaika na ghorofa na magari, kinachopanga ukubwa wa jengo Dar ni choo. Sehemu kubwa ya mji huu haijaungwa kwenye bomba la maji taka. Kila kiwanja kinajitegemea, septiki na shimo la kunyonya. Chukua ghorofa sita za mama, tuseme nyumba 20, kila moja watu wanne, watu 80. Kila mtu akitumia lita 100 kwa siku, hiyo ni lita 8,000 KILA SIKU zinaingia kwenye ardhi ya mita 300. Udongo wa mfinyanzi haunywi hizo. Mchanga wa pwani unakunywa lakini unapeleka kwenye kisima cha jirani. Usiponyonywa ni gari moja la maji machafu kila siku ya Mungu. Wanaposhindwa kulipa wanafungulia mfereji mvua ikinyesha, mnajua wenyewe mitaa yenu.
Kungekuwa na bomba, shimo la mbele ya geti lisingekuwepo na hapo pangekuwa pakingi. Kwa hiyo msimlaumu msanifu peke yake wala afisa mipango. Ghorofa nne bila bomba ni nyingi kuliko kumi zenye bomba.

Mzee wa Bikoni
Mzee wa Vyoo nakubaliana nawe nusu. Masaki kuna sehemu hazina bomba na zinajengwa vizuri kwa mitambo midogo ya kusafisha maji ndani ya kiwanja. Ni gharama tu, na hakuna anayelazimishwa.

Pepo za Kusi
Nami nichangie kidogo. Dar joto lake linaondoka kwa upepo sio kwa AC. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, kusi inatoka kusini mashariki. Jengo linatakiwa pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, pande fupi zile jua la asubuhi na jioni. Sasa kiwanja kimepimwa kimeelekea barabara, na barabara imeelekea inakotaka, msanifu anajaza jengo kwa umbo la kiwanja, sebule zote zinatazama magharibi. Saa kumi jioni ukuta unawaka. Mpangaji anafunga AC, AC inatoa joto kwa jirani wa mita moja, jirani naye anafunga AC. Nimeona jengo lina mashine 24 kwenye upenyo mmoja, unapita pale kama unapita mbele ya tanuri la mikate.
Mama jirani yako hakukunyima jua tu, kama yuko upande wa kusini kwako basi kuanzia Mei, kusi ikivuma na yeye kaiziba, utalijua joto.

Mama Kibaraza
Yuko kusini 😭
Haya wakuu, leo nimeenda saiti. Bango lipo, limeegemezwa ndani ya stoo ya simenti. Fundi mmoja kijana kanionyesha, imeandikwa chini na ghorofa nne. Nikamwita msimamizi nikamwambia nyie mko ya tano mnaenda ya sita. Ananijibu eti chini haihesabiwi kwa sababu ni pakingi (pakingi yenyewe imeshakatwa fremu tatu za maduka nimeona kwa macho), na ile ya juu kabisa sio ghorofa ni "sehemu ya kuanikia nguo". Nimeuliza mbona ina vyoo vinne na madirisha ya alumini.

Kokoto Nne
Vyoo vinne vya kuanikia nguo 🤣🤣 nguo zinajisaidia

Fundi Zege
Piga picha hizo fremu kabla hawajaweka shata. Maduka kwenye kiwanja cha makazi hapo sasa ndo MATUMIZI yamebadilika, ile ya kwanza aliyosema Mzee wa Bikoni. Andika barua kwa mkurugenzi, nakala kwa afisa mipango miji, sio kwa mdomo. Wakichorewa X nyekundu ya bomoa watakuwa wamejitakia.

Binti Tandale
X nyekundu kwenye ghorofa sita? Inachorwa kwenye vibanda vya mama ntilie hiyo.

Mjenzi Mkopo
Hawatabomoa, watamtoza na kurasimisha. Na kwa uchumi ni sawa, zege limeshamwagwa. Wabomoe nyumba 20 watu waende wapi?

KaNairobi
Hivyo ndo Kilimani ilianza, na hizo sentensi zote mbili.

Flati Namba Saba
Mama kitu kimoja kabla hujaandika barua, uliza kama anapangisha au anauza. Kama anauza, chini ya ile sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008 kila nyumba inatakiwa iwe na hati yake na maeneo ya pamoja yaonyeshwe kwenye ramani, ngazi, pakingi, paa. Wanunuzi wakishtuka kwamba ghorofa ya sita haimo kwenye kibali hawatoi hela, na huyo bwana atakusikiliza haraka kuliko ofisi yoyote. Sisi hatukuuliza, mpaka leo 18 tunagombania hati moja iliyoko kwa mtu asiyepokea simu.

Dada wa Chaka
Samahani natoka nje ya mada kidogo, nina kiwanja Goba mita 420, kiko mteremkoni, nataka apatimenti nne tu za chumba kimoja za kupangisha. Inawezekana kweli au nijenge nyumba ya kawaida

Mzee wa Vyoo
Kabla ya ramani chimba shimo la mita moja, jaza maji jioni, angalia asubuhi. Yakiwa bado yamo, sahau nne, jenga mbili.

Mjenzi Mkopo
Jenga nne, weka mtambo mdogo.

Mzee wa Vyoo
Umeme wa kuendesha mtambo atalipa nani, wewe?

Mzee wa Bikoni
Binti, mteremko upo upande gani wa barabara? Ukiwa chini ya barabara maji ya mvua ya mtaa mzima ni ya kwako. Tuma ramani ya upimaji hapa, futa majina na namba za kiwanja, tuangalie.